Maharage ya Kuhesabia Korongo

Maharage ya klabu yetu hayapikwi. Yamo ndani ya chupa ya plastiki juu ya kabati langu la vyombo, na kila aliyewahi kulala kwangu anajua kwamba hata mboga ikiisha, chupa ile haiguswi. Ni maharage mekundu ya kawaida, yale tunayopanda wote huku upande wa Kaisho katikati ya migomba, ila haya niliyachagua mwenyewe moja moja mwaka tulioanza klabu ya kutazama ndege. Yamezeeka. Rangi imefifia ikawa kama ya tofali la zamani, na ukilibana harage kwa ukucha halishiki alama. Nautaja ukucha mapema kwa sababu ndio uliotuokoa, ingawa wapo wanaosema ndio ulioniingiza matatani.

Tulianza watu saba. Mtaalamu mmoja wa ndege alikuja kijijini kufanya utafiti kwenye kinamasi kilicho chini ya vibanja vyetu vya migomba. Alikaa majuma matatu, sisi tukimbebea mizigo na kumwonyesha njia za kupita kwenye mafunjo. Alipoondoka alituachia darubini moja na kitabu cha picha za ndege. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa amechoka kukaa nyumbani, alisema itakuwa aibu vitu vile vikae tu vikila vumbi. Ndivyo tulivyopata klabu na mwenyekiti kwa siku moja.

Mwanzoni tulichekwa sana. Huku kwetu mtu mzima anayesimama saa kumi na mbili asubuhi kando ya maji bila jembe, bila ndoo na bila ng'ombe, lazima ana jambo lake. Wengine walisema tunatafuta madini. Wengine walisema darubini ile inaona mpaka ndani ya nguo, na wanawake waliokwenda kuchota maji walipita mbali nasi huku wamejikaza khanga. Mimi walinionea huruma zaidi, maana nilijulikana kama mtu mwenye akili zake. Mama mmoja aliniambia nje ya kanisa kwamba mizigo niliyoibeba utotoni sasa imenipanda kichwani.

Jibu langu lilikuwa kufika. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mvua au jua, nilikuwa pale kando ya mafunjo. Elimu ya kubishana na watu sina, lakini kufika ninajua.

Tatizo letu la kwanza halikuwa kicheko, lilikuwa kuhesabu korongo, wale ndege warefu wa kinamasini. Yule mtaalamu alitufundisha kunyoosha kidole na kutaja: mmoja, wawili, watatu. Katika nyumba nyingi za huku, kitu chenye uhai hakihesabiwi hivyo. Ng'ombe hawanyooshewi kidole, na watoto ndiyo kabisa. Ukiwataja idadi kwa sauti ni kama umewaomba wapungue. Wazee wawili kati ya wale saba walisema wao watatazama kwa furaha, ila kuhesabu watamwachia mwingine. Mwenyekiti alikuwa amefundisha hesabu miaka yote ya kazi yake, akawasihi kwa hoja za darasani. Walimsikiliza kwa heshima zote, na hawakuhesabu.

Hapo ndipo nilipotoa langu. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita, baba akitangulia na mama akimfuata kabla mahindi ya msimu ule hayajakauka. Nilibaki na wadogo wanne, na shule sikurudi. Siku zile, jua likianza kuzama, nilikuwa na hofu moja tu, kwamba mmoja wao hayupo. Lakini sikuthubutu kuwahesabu. Tulikuwa tumekwisha kupungua vya kutosha. Kwa hiyo nilipanga viazi vitamu vilivyochemshwa juu ya jani la mgomba, fungu la kila mmoja mahali pake, na kila aliyeingia alichukua lake. Fungu likibaki, nilijua ni nani wa kwenda kumtafuta. Miaka yote ile sikuwahi kuitaja idadi yetu kwa kinywa changu, na hakuna aliyepotea.

Nikawaambia wanaklabu kwamba korongo tunaweza kuwafanyia vivyo hivyo. Mtu aende na maharage mfukoni. Akimwona korongo, atumbukize harage moja kwenye kikopo, akae kimya. Akimwona kifaranga, atumbukize punje ya kahawa. Baadaye vikopo vyote vije kwangu, tuvimimine kwenye ungo na kuhesabu maharage, kwa sababu harage halina roho ya kudhurika. Mwenyekiti alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi wa dawati la nyuma aliyepata jibu peke yake. Wale wazee wawili walichota maharage yao siku hiyohiyo.

Tangu hapo klabu ilikuwa klabu. Ijumaa mchana tunakwenda shule ya msingi kuwaonyesha watoto kitabu, nao wanatushinda kwa kukariri majina: mdiria, yangeyange, kwarara, dudumizi. Tulipanda miti kuzunguka chemchemi ambayo kijiji kizima huchota maji. Kaya moja iliyokuwa imefunga kifaranga wa korongo kwa kamba mguuni, wakimfuga kama pambo la uani, tuliitembelea mara nne, hatukuwatisha wala kuwashtaki, mpaka mama mwenye nyumba akamfungua mwenyewe. Watu wa Igurwa, kule Karagwe, waliposikia habari zetu walikuja wakalala siku mbili wakajifunza kazi ya vikopo. Mmoja wao aliniuliza maswali huku akiandika kila nilichosema. Mimi niliyeacha daftari la darasa la sita likiwa bado na kurasa nyeupe, nilikaa wima kwenye kiti kile na kusema polepole ili asipitwe na neno.

Sasa nieleze kuhusu ncha ya kinamasi.

Kinamasi chetu ni kirefu, na upande mmoja kinajibana kuwa chembamba, jirani na ile chemchemi. Korongo taji wanapapenda pale. Ndipo wanapotaga, katikati ya mafunjo mafupi, mahali ambapo mbwa anashindwa kufika bila kuogelea. Mwaka jana mnyauko uliingia kwenye migomba ya watu wengi. Unaona majani ya mgomba yanalegea kuanzia juu kama mwavuli uliovunjika, unaukata, ndani unakuta usaha wa njano, na hakuna la kufanya ila kung'oa na kufukia. Mwanamume mmoja wa kitongoji cha pili, mwenye familia kubwa, alipoteza karibu kibanja chote. Alikuwa amepata pampu ya kumwagilia, na akaomba serikali ya kijiji iwafungulie yeye na wenzake ile ncha wafyeke mafunjo walime nyanya na maharage ya kiangazi. Nitamwita mwenye pampu, kama wote tunavyomwita.

Hakuwa mtu mbaya, na njaa ya nyumbani kwake haikuwa ya kusingizia. Ila ulimi wake ulikuwa mkali. Alikuwa akitukuta njiani anauliza kama ndege wetu wameamkaje, na kama wanahitaji blanketi.

Serikali ya kijiji ilisema suala litaamuliwa na mkutano mkuu wa wanakijiji. Klabu tukaambiwa tulete hesabu ya korongo wa mwezi ule, ili watu wajue wanabishania nini. Kila mmoja alielewa maana yake. Tukipeleka hesabu ndogo, ncha itafyekwa kabla ya mayai kuanguliwa.

Jumamosi ya hesabu tulijigawa vituo vitatu. Mimi nilikaa kwenye kivuko, mwenyekiti upande wa malisho. Kituo cha ncha tulimpa mama mmoja ambaye kibanja chake kinapakana na pale. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani, yeye amezaliwa hukuhuku, ni mjane, na kwa ukarimu hakuna anayemfikia kitongoji kizima. Alikuwa amejiunga karibuni. Siku zote alikuja akikaa nyuma ya wenzake. Siku ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukabidhiwa kikopo, kikopo kidogo cha nyanya ya kopo tulichosugua kikang'aa. Alikipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo.

Asubuhi ilikuwa na ukungu, kisha dudumizi akaanza kulia kwenye vichaka na wazee wakasema mvua haiko mbali. Ilishuka saa mbili. Kila mtu alikimbilia kwake bila kupitia kwangu kama desturi yetu. Mwenyekiti na mimi tulikutanisha vikopo mchana. Cha ncha kililetwa keshoye baada ya ibada, kimefungwa kwa kitambaa safi.

Tulipokimimina kwenye ungo tulitazamana. Vikopo viwili vya kwanza vilikuwa na machache. Hiki kilitoa maharage mengi kuliko tulivyowahi kuona pale. Jumla ilikuja hamsini na mbili. Mwenyekiti alihesabu mara tatu, akavua miwani akaifuta, akasema huenda wametoka vinamasi vya mbali kwa sababu ya ukame. Mimi nilitaka iwe kweli, na nilipotaka hivyo iliniingia haraka. Niliandika barua kwa mwandiko wangu, na mdogo wangu wa pili, ambaye ana ajira ofisini Rubwera, aliichapa kwenye kompyuta akairudisha kwa bodaboda ikiwa na mistari iliyonyooka. Mwenyekiti wa kijiji aliisoma, akaenda akiwaambia watu. Kwa siku tatu nilitembea kama mtu aliyeoza binti vizuri.

Jumatano nilikuwa nayarudisha maharage kwenye chupa. Nilikuwa nayachota kutoka kwenye ungo kwa kiganja, akili iko kwingine, nikaona mengine yanang'aa kiganjani kama mapya. Nikaketi. Nikachukua harage moja nikalibana kwa ukucha. Ukucha ukaacha alama, ukaingia kama kwenye sabuni. Nikachukua jingine. Lilikuwa gumu kama jiwe. Jingine, alama. Nikatandika khanga mkekani nikayatenga kwa ukucha yote, la zamani huku, la msimu huu kule. Nilipomaliza, yale ya klabu yalikuwa kumi na tisa. Mengine yote yalikuwa mageni.

Nilielewa kabla hata ya kuinuka, lakini nilikwenda kwake ili nisimdhanie. Alinikaribisha, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, tukaulizana habari za watoto na za mvua. Kisha nikamwuliza kikopo alikirudishaje.

"Vizuri tu, dada," alisema. "Nilikiongezea kidogo."

Nikamwuliza kidogo namna gani. Akanionyesha konzi yake.

"Kilikuwa na maharage ya kuhesabika. Ningekurudishia chombo kikiwa vile, ungesema nina roho gani? Tena ninyi ndio mlionipa kazi."

Nilitafuna kahawa ile muda mrefu. Hakuna mtu wa huku ambaye angemlaumu. Sahani ya jirani ikija na ndizi hairudi tupu. Inarudi na yai, na chumvi, na chochote kilichopo. Hata mimi ningefanya hivyo kwa chombo kingine chochote. Sisi ndio tuliokosea, maana tulimfundisha kutumbukiza harage na hatukumwambia kwamba kikopo kile, peke yake kati ya vyombo vyote vya dunia, ni lazima kirudi na upungufu wake. Nilipomweleza aliweka mikono kichwani, akauliza kama amewaua ndege. Nikamwambia bado.

Mwenyekiti alinisikiliza akiwa amesimama barazani kwake. Akaniuliza ni nani mwingine anayejua. Alisema barua imekwisha kwenda, hakuna atakayeingia kwenye mafunjo kuhakikisha, na uongo wenyewe si wetu, ni wa konzi ya mama wa watu. Mkutano ulikuwa Jumamosi. Baada ya hapo tungeweza kuhesabu upya na kusema ndege wamehama. Alisema yote hayo bila kunitazama, na ninaandika hili kwa kuwa mwenyewe ameniruhusu.

Nilirudi nyumbani nikampigia simu mdogo wangu wa Rubwera. Nilitaka mtu mwenye elimu aniambie kwamba mwenyekiti ana hoja. Alicheka kwanza mpaka nikaweka simu mbali na sikio. Kisha akasema:

"Dada, unakumbuka ulivyonichapa kwa kusema nimekula kiazi kimoja kumbe nimekula viwili?"

Nikamwambia nakumbuka.

"Ulisema ukidanganya kwenye viazi, siku moja nitakudhania uko ndani kumbe uko mtoni. Sasa unaniuliza mimi nini?"

Sikulala vizuri, lakini asubuhi nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilikwenda kumwambia mwenyekiti kwamba hesabu nitaisoma mimi. Alinitazama, akaingia ndani, akatoka na nakala ya ile barua, akanikabidhi. Akasema atakaa kando yangu.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Watu walikuwa wengi kwa sababu ya mnyauko. Kila mwenye kibanja kilichopigwa alitaka kujua kama atapata kipande. Mwenye pampu alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alieleza watoto wake, migomba aliyoifukia kwa mikono yake, mashimo yaliyobaki. Watu wakatikisa vichwa, na mimi nikatikisa. Halafu nikaitwa.

Niliwaamkia wazee shikamoo, nikasema barua waliyoisikia ina kosa. Si hamsini na mbili. Ni kumi na tisa.

Minong'ono ikaanza, kisha mwenye pampu akasimama pale alipokuwa.

"Wengine wamekwenda wapi? Wamekwenda sokoni?"

Watu wakacheka. Nikawaeleza kikopo, kitambaa safi, konzi ya maharage. Sikumtaja mama yule, lakini kabla sijafika mwisho alisimama mwenyewe katikati ya wanawake, uso umemwiva.

"Ni mimi," alisema. "Hebu na ninyi semeni ukweli. Nani hapa angerudisha kikopo kile kama kilivyo?"

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha namna nyingine. Hata wale waliokaa mbali walikuwa wanafuta macho. Mzee mmoja alichomekea neno la Kinyambo lililowafanya wanawake wafunike nyuso kwa khanga. Mama yule alikaa, na waliokuwa jirani naye walimpigapiga mabegani.

Mwenye pampu alingoja watulie. Yeye hakuwa amecheka sana. Akasema basi neno limekwisha, ndege kumi na tisa hawawezi kushindana na watoto wa kijiji kizima, na klabu yenyewe imekiri.

Nilisema tu yale ninayoyajua. Nilimwambia kwamba mimi nimewahi kulima pale. Wazee wachache walikumbuka. Mwaka wa pili baada ya wazazi kufariki, wadogo zangu wana njaa na kibanja kimenishinda, nilifyeka mafunjo ya ncha kwa panga la baba nikapanda maharage. Niliwakuta korongo wawili kwenye tuta lao. Hawakukimbia mbali, walikuwa wanatua na kuruka, wanatua na kuruka, mpaka nilipofika kwenye kiota. Tulikula mayai yale. Msimu wa kwanza nilivuna nikadhani nimeokoka. Msimu wa pili udongo ulipasuka. Msimu wa tatu chemchemi ikawa inatoa tope, na wanawake wa kijiji hiki wakafuata maji hadi bonde la pili, ndoo kichwani, mwaka mzima, mpaka mafunjo yaliporudi. Hakuna aliyenisema, kwa sababu nilikuwa yatima.

"Wewe hutasamehewa," nilimwambia mwenye pampu. "Wewe ni mtu mzima."

Hiyo ndiyo hotuba yangu yote. Nilikaa, na mwenyekiti akaichukua ile barua mkononi mwangu akaikunja mara mbili.

Watu walizungumza kwa muda mrefu. Wanawake waliokuwa wasichana mwaka ule wa tope walisimama mmoja baada ya mwingine, na wao ndio walioubeba mkutano, si mimi. Yule mama aliyewahi kuniambia mizigo imenipanda kichwani alieleza alivyoteleza na ndoo akavunjika mkono. Mwishowe iliamuliwa kwamba ncha isiguswe msimu ule, mpaka vifaranga waruke, na ihesabiwe tena. Mwenye pampu na wenzake wakapewa kipande cha juu, upande wa malisho, kilichokwisha kufunguliwa siku nyingi na wenye nacho hawakilimi. Hakikuwa kizuri kama ncha. Maji yalikuwa mbali kidogo, na mpira wa pampu ulibidi uungwe. Sikuona kwamba tumeshinda. Niliona kwamba tumepewa msimu mmoja.

Mwenye pampu alikubali, lakini kwa sharti lake. Alisimama akasema safari ijayo kikopo cha ncha atakibeba yeye.

"Maana maharage ya hawa watu yanazaa," alisema.

Mkutano ukapiga makofi, nami nikapiga.

Mwezi uliofuata alifika kabla yangu. Nilimkuta amesimama kwenye umande, mabuti ya mpira miguuni, maharage kwenye mfuko wa koti. Nilimpa kikopo nikamwambia masharti: asinyooshe kidole, asiseme idadi, na asiongeze kitu. Hilo la mwisho sasa liko kwenye kanuni zetu kwa maandishi. Kikopo kirudi kama kilivyo. Asiyeweza kuvumilia alete kitu kingine pembeni. Mama wa konzi hulivumilia kwa shida. Kila akileta kikopo sasa huja na kichane cha ndizi kwenye mkono wa pili, na uso wake hutulia pale tu ndizi zinapopokewa.

Nilikaa kwenye kivuko changu nikitazama kwa darubini kuelekea ncha. Ukungu ulipoinuka nilimwona mwenye pampu amechuchumaa, hatikisiki, shingo imenyooka mbele kama yeye ndiye anayelalia mayai. Mara moja mkono wake ulitoka mfukoni, ukasimama hewani, ukarudi mfukoni tena, na nikajua anaangalia kama alichokiona ni korongo mmoja au wawili. Alikaa vile saa nzima na zaidi. Watu waliokwenda kuchota maji walimpita, mmoja, nilisikia baadaye, akamwuliza kama na yeye anatafuta madini, na hakugeuka.

Alikileta kikopo kwangu mwenyewe, mchana uleule, na kwenye mkono mwingine alikuwa na mfuko wa mchicha, wa kwanza kutoka kipande cha juu. Alisema mchicha ni wa jiko na usichanganywe na mambo mengine. Mwenyekiti alikuwepo, na mdogo wangu wa Rubwera alikuwa amekuja kunisalimu. Nilimimina kikopo kwenye ungo. Yalitoka maharage tisa na punje mbili za kahawa.

"Wanatembea," mwenye pampu alisema. "Wale wadogo. Mama yao anatangulia, wao nyuma, wanaanguka, wanainuka." Akakaa bila kukaribishwa.

Nilichukua harage la kwanza nikalibana kwa ukucha mbele yake. Halikushika alama. Nikachukua la pili. Aliona ninachofanya, akaanza kucheka, lakini hakunizuia, akausogeza ungo karibu nami ili nisilazimike kuinama. Niliyabana yote tisa, moja baada ya jingine, na mwenyekiti alikuwa ameshika kalamu tayari.